Paka haumwi kwa kelele: namna ya kumtunza na kumkagua nyumbani, kwa tunaoishi Moshi na Arusha

Dume langu naliita Mangi, yani chifu kwa Kichaga, kwasababu likishakaa kwenye kochi hakuna wa kulitoa. Mwaka juzi mwezi wa saba, kile kipindi cha baridi ambacho mlima hauonekani wiki nzima, nikaona anaingia kwenye beseni lake la choo, anachuchumaa, anatoka. Dakika kumi anarudi tena. Nikajisemea huyu choo kimekua kigumu, si nimempa dagaa wakavu siku tatu mfululizo, nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kula nikaendelea na mambo yangu. Kesho yake hali chakula, kajikunja chini ya kabati la vyombo, ukimgusa tumbo ananguruma kama sio yeye. Nikamtia kwenye tenga la kuku, bajaji, mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamminya tumbo kwa vidole tu, akaniangalia, akasema, "Dada, huyu hana shida ya choo, mkojo ndo umeziba. Ungesubiri mpaka kesho ungemkuta amekufa." Kibofu kilikua kigumu kama chungwa bichi. Alimpitisha mpira mwembamba, mkojo ukatoka mwekundu kama juisi ya rosela, na Mangi akapona, ila mi siku mbili nilikua nacheza na roho ya mtu. Haya ya paka.

Kwaiyo nayoandika hapa mengi nimejifunza baada ya hapo, kwa kuuliza na kwa kusumbua madaktari. Yule aliyeanza kufuga juzi ayachukue, na wewe uliyefuga miaka kumi bila kumpeleka paka popote soma pia, kwasababu najua unampa nini akiumwa.

Kwanza mjue akiwa mzima

Paka anawinda ila na yeye porini anawindwa, ndo maana ugonjwa anauficha. Mbwa akiumwa atakulilia miguuni, paka anaenda kujibanza nyuma ya magunia na wewe unasema leo katulia. Tunasema mtu fulani ana roho ya paka, yani hafi kirahisi, kumbe paka mwenyewe anavumilia tu mpaka ashindwe, na akishaonesha kabisa kwamba anaumwa mara nyingi ameshachelewa. Sasa ukitaka kumuwahi inabidi ujue akiwa mzima anakaaje, anakula kiasi gani, anakojoa mara ngapi, anapenda kulala wapi. Paka mzima analala masaa 12 hadi 16 kwa siku, kulala sana peke yake sio tatizo, tatizo ni akibadilisha. Alikua analala juu ya friji, saivi yupo chini ya kitanda. Alikua anakuamsha saa kumi na moja alfajiri anadai chakula, leo hata hakuja. Hapo ndo pa kushtuka.

Mi Jumapili nikitoka kanisani nakaa nae pale mlangoni penye mwanga, nampapasa kama nambembeleza kumbe namkagua. Masikio kwanza: ukiona uchafu mweusi mkavu kama kahawa iliyosagwa na anajikuna mpaka anatikisa kichwa, huo ni utitiri wa masikio, una dawa yake, usichomeke njiti ya pamba ndani utasukuma uchafu mbali zaidi. Macho yasiwe na tongotongo za njano, na ile ngozi nyeupe ya kona ya jicho isiwe imefunika jicho nusu. Afu fizi. Nyanyua mdomo wa juu kidogo tu, fizi ya paka mzima ina rangi ya waridi, ibonyeze kwa kidole itakua nyeupe, ukiachia rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe muda wote hana damu ya kutosha, na kwa vitoto mara nyingi ni viroboto au minyoo. Zikiwa za njano ni ini au damu inavunjika. Zikiwa za bluu au kahawia hapo usimalize hata kusoma, beba paka uende. (Wengine fizi zao zina madoa meusi ya kuzaliwa nayo, ndo maana nasema mjue akiwa mzima.)

Vuta ngozi ya mabegani taratibu uiachie, ikirudi haraka ana maji mwilini, ikibaki imesimama kama hema amekauka. Halafu akiwa amelala fofofo hesabu pumzi, kifua kupanda na kushuka ni moja, kwa dakika nzima isizidi 30. Na paka hapumui kwa kuachama mdomo kama mbwa, akifanya ivo na hajatoka kukimbizwa wala hayupo juani, ana shida ya moyo au mapafu.

Uzito: simama na paka kwenye mzani wa nyumbani, afu simama peke yako, toa. Kama huna, mzani wa kuning'iniza wa muuza maharage na kikapu kinatosha, mi duka la jirani walinicheka wiki mbili ila saivi wenyewe wananiuliza "Mangi kafikisha ngapi". Paka wetu wengi wa kawaida wanacheza kilo 3 mpaka 5. Akipungua nusu kilo kwako unaweza kuona si kitu, kwa mwenye kilo 4 ni kama wewe wa kilo 64 upungue 8 bila kudaiti.

Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, yani sisi tungekua tunaumwa. Ukimgusa masikio ukasema ana homa unajidanganya. Ukitaka uhakika ni thamometa ya kidijitali, unapaka mafuta ya mgando, inaingia nyuma kidogo sana huku mwenzio amemshika. Ikizidi 39.5 ana homa. Na hiyo thamometa iandike PAKA kwa maka peni, isije ikarudi kwenye kabati la watoto.

Chakula, hapa tunawaonea sana

Wengi paka tunamlisha ugali na mchuzi uliobaki afu tunasema atajitafutia panya. Paka lazima ale nyama au samaki, hilo sio kudeka. Mwili wake unahitaji kitu kinaitwa taurini ambacho mwenyewe hatengenezi cha kutosha, anakipata kwenye nyama na samaki tu. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionesha kwamba paka akikosa taurini macho yanaharibika mpaka anapofuka, na 1987 ikaonekana moyo nao unatanuka na kushindwa kusukuma damu. Ugali hauna. Wali hauna. Ndizi za mtori hazina, ingawa Mangi anazilamba.

Sio lazima ununue chakula cha paketi kila siku. Nenda buchani waambie unataka mapupu na moyo, moyo una taurini nyingi na watu hawaugombanii kama maini. Kwa kuku chukua firigisi. Chemsha bila chumvi nyingi, na ile supu usiimwage, taurini inayeyuka inaingia kwenye maji, kwaiyo supu ndo changanyia na ugali kidogo uwe mlaini. Ugali usizidi robo ya sahani. Dagaa wa soko la Mbuyuni Moshi, au soko la Kilombero kwa watu wa Arusha, ni wazuri lakini waloweke, wasuuze mara mbili mchanga na chumvi vitoke, uwachemshe, na wasiwe ndo chakula cha kila siku, hasa kwa dume, kwasababu wana madini mengi na wakiliwa wakavu na paka mwenyewe hanywi maji ndo unapata kesi kama ya Mangi. Maini mpe mara moja kwa wiki kipande kidogo, vitamini A ikizidi mifupa yake inaharibika. Mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika kama vijiti na kutoboa utumbo.

Na hapa wapishi mnisikilize: chakula chake kitoe kabla hujakaanga kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, mbichi au kilichoiva, vyote vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Ile tabia ya kumwagia mchuzi wa rosti juu ya ugali wake iishe. Chokoleti na zabibu pia asiguse.

Maziwa najua mtanibishia. Huku kwetu kila mtu ana ng'ombe au jirani mwenye ng'ombe na bibi zetu walikua wanamwekea paka kibakuli jioni wakishakamua. Paka mkubwa wengi hawawezi tena kumeng'enya sukari ya maziwa, anakunywa kwa raha afu anaharisha. Kama wako anakunywa kidogo na choo kipo sawa sitakufuata nyumbani, ila kitoto kilichokosa mama kisipewe maziwa ya ng'ombe matupu, tafuta maziwa ya vitoto vya paka au umuulize daktari mchanganyiko.

Maji yawe mbali na chakula na mbali zaidi na choo, bakuli pana, yabadilishwe kila siku. Asili ya paka ni paka pori wa Afrika na sehemu za ukame, hana kiu kali, ndo maana maji mengi inabidi yaingie kupitia chakula.

Beseni la choo

Kama paka wako anatoka nje na kufukia kwenye shamba la migomba wewe huna kazi ya kuzoa, ila huna taarifa pia. Mi napenda awe na beseni ndani hata kama anatoka, kwasababu beseni ndo maabara yangu. Beseni la kawaida la kufulia lenye kina kifupi, unaweka mchanga mkavu au maranda kutoka kwa fundi seremala, maranda yasiwe ya mbao iliyopakwa dawa. Pumba za mpunga nazo zinafaa, Moshi hazikosi, tatizo zinapeperuka nyumba nzima. Paka mmoja mabeseni mawili ndo vizuri, wawili matatu, ila najua vyumba vyetu, angalau liwe safi.

Zoa kila siku. Sababu sio harufu tu, kuna mdudu anaitwa toksoplazma ambae mayai yake yanatoka kwenye choo cha paka na yanahitaji siku 1 hadi 5 ndo yawe na uwezo wa kuambukiza mtu, ukizoa kila siku umemuwahi. Mama mjamzito asizoe yeye, na kama hamna mwingine avae glavu na anawe. Lakini msimfukuze paka kwasababu dada ana mimba, toksoplazma watu wengi wanaipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hiyo mishikaki ya damudamu ina hatari kuliko Mangi.

Sasa ukiwa unazoa angalia. Matonge ya mkojo mangapi, makubwa au vitonevitone, kuna damu? Dume anaeingia na kutoka bila kuacha kitu, analamba sehemu zake sana, analia akichuchumaa, huyo sio kesho, ni leo, hata kama ni saa nne usiku piga simu. Mkojo ukiziba sumu na potasiamu vinapanda kwenye damu na moyo unasimama, siku moja mpaka mbili inatosha kumuua. Na usimnyweshe mafuta kwa nguvu kama nilivyofanya, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Paka mzee anaekunywa maji kuliko zamani na kukojoa matonge makubwa makubwa, figo hizo au sukari, mpeleke apimwe.

Viroboto na minyoo wanatembea pamoja

Mchane kwa kitana cha chawa juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Punje nyeusi zikidondoka na kuacha alama nyekundu kahawia hiyo ni kinyesi cha kiroboto, yani damu ya paka wako iliyosagwa. Viroboto unaowaona juu yake ni wachache, mayai yanadondoka kwenye mkeka, kwenye kochi, chini ya kitanda, na viroboto wachanga wanakaa kwenye kifuko wiki kadhaa wakisubiri. Kwaiyo unamtibu paka na nyumba siku hiyohiyo: matandiko kwenye maji ya moto, godoro na mkeka juani, fagia mpaka kwenye pembe, rudia wiki inayofuata na inayofuata.

Dawa ya kumpaka iwe imeandikwa ya paka na uzito wake. Narudia, ya PAKA. Kuna dawa ya mbwa ina permethrini, mbwa haimfanyi kitu, paka anatetemeka mpaka degedege na anakufa. Dawa za kuogeshea ng'ombe nyingi ni ukoo huohuo, na huku kwetu kopo la kuogeshea halikosi ghalani, mtu anaona akichovya kidogo tu kwa paka atakua ameokoa hela. Mafuta ya taa na oili chafu nazo zinamuunguza ngozi na akijilamba zinaenda ndani, maana paka kila unachompaka atakila, hilo ndo la kukumbuka kabla hujampaka chochote. Hata zile dawa za kusafishia sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji, kwa paka ni sumu, anakanyaga afu analamba miguu, subiri sakafu ikauke. Ikitokea ameshapakwa kitu kibaya mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike, uende kwa daktari.

Minyoo: wale warefu kama tambi wanatoka kwa mama kupitia maziwa, kwaiyo vitoto vya paka karibu vyote hesabu vinao, tumbo limejaa mgongo mfupa mtupu. Vinaanza dawa wiki ya 3, kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, mkubwa kila miezi mitatu. Wale wanaofanana na punje za mchele pale mkiani ni tegu, na huyo tegu anaingia kwa paka kumeza kiroboto wakati anajilamba, ukitibu minyoo ukaacha viroboto umefanya kazi bure. Dozi inaenda kwa uzito, kipimo apange mtu wa mifugo.

Akiwa na mabaka ya duara yasiyo na manyoya, magamba kidogo, ni choa, na kinahamia kwa watoto. Mtoto wako ana mapunye yasiyoisha na analala na paka? Watibiwe wote wawili.

Panadol

Hii naipa sehemu yake. Jirani yangu paka wake alikua na mafua, analala tu, akampa nusu kidonge cha panadol kilichopondwa kwenye mchuzi, kwa upendo kabisa. Jioni uso umevimba, miguu imevimba, fizi zimekua rangi ya kakao, anahema. Hakuamka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol kama letu, inageuka sumu inayofanya damu ishindwe kubeba hewa, na nusu kidonge inatosha kabisa kumuua. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usimpe kwa kukadiria pia. Akiwa ameshameza usisubiri dalili, dawa ya kupambana nayo ipo ila ni ya masaa machache ya mwanzo. Wala usimtapishe kwa chumvi.

Sumu ya panya ndo ndugu yake. Wale wanaopita na spika mtaani "kunguni, mende, panya" wanauza vitu ambavyo hata jina halipo kwenye pakiti, na jirani akitega, panya aliyelewa sumu ndo rahisi zaidi kwa paka kumkamata. Nyingine zinaonekana hapohapo: udenda, kutetemeka, mboni ndogo kama ncha ya sindano. Nyingine zinazuia damu kuganda na dalili zinakuja siku ya tatu au ya nne, fizi nyeupe, damu puani, kuhema, hizo zinatibika kwa vitamini K ukiwahi. Beba pakiti au hata mabaki uende nayo, daktari akijua ni ipi hapotezi muda. Na ongea na majirani kabla, mi niliongea na mtaa mzima, wakaniona mwehu ila watatu wameacha wanaazima paka.

Chanjo na kuhasi

Kichaa cha mbwa jina linatudanganya, paka anakipata na anakiambukiza. Sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kurudia kila mwaka au kama chanjo yenyewe inavyoelekeza. Muulize afisa mifugo wa kata, na mwezi wa tisa ulizia zaidi maana tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukiumwa au kuparuliwa na paka usiyemjua, au wako aliyebadilika ghafla, mkali amekua mpole mpole au mpole anarukia watu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, afu hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Kichaa kikishaonesha dalili kwa mtu hakuna tiba, usiweke kitunguu wala jiwe kwenye kidonda.

Chanjo nyingine ni ya mafua ya paka na ile homa yao ya kuharisha damu na kutapika inayofagia vitoto vyote kwenye boksi. Inaanza wiki ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka wiki ya 16. Haipo kila mahali, piga simu kwanza ndo utoke.

Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anabeba siku kama 63 hadi 65, na anaweza kuwaka tena wakati bado ananyonyesha. Nchi za baridi paka wanapumzika majira ya usiku mrefu, sisi tupo nyuzi tatu kusini mwa ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwaiyo hawapumziki. Ndo maana kila baada ya muda unakuta boksi la vitoto limetupwa karibu na soko. Kumfunga kizazi ni upasuaji mdogo kwa daktari anaejua, nyuzi zinatoka siku 10 hadi 14. Dume akihasiwa anapunguza kurushia mkojo ukutani na kupigana usiku. Wanaosema anakua mvivu, anakua mnene, mpunguzie chakula basi.

Kupigana nako kuna kazi yake. Jino la paka linatoboa tundu dogo, juu panafunga, chini panatunga usaha, siku ya tatu au ya tano unakuta uvimbe wa moto shavuni au mkiani. Chemsha nusu lita ya maji, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, yakiwa ya uvuguvugu kanda mara tatu kwa siku, ila dawa ya kuua bakteria lazima itoke kwa daktari. Spiriti usimwagie.

Baridi ya huku

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane paka anatafuta joto popote. Kabla hujawasha gari asubuhi gonga boneti, wanalala juu ya injini, mi nimeshuhudia na sitaki kusimulia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwako na kwake. Mwekee boksi lenye kitenge kizee, limenyanyuliwa kutoka kwenye saruji. Vitoto vya wiki ya kwanza haviwezi kujipasha joto, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo, pembeni vibaki na nafasi ya kuisogelea au kuikimbia, na usivinyweshe chochote vikiwa vya baridi, pasha mwili kwanza.

Kumpa kidonge bila kumwaga damu

Tandika taulo, mweke katikati, mkunje kama sambusa miguu yote ndani kichwa nje. Mkono mmoja unashika kichwa kwa juu, kidole gumba na cha pili kwenye pembe za mdomo, inua pua iangalie dari, taya la chini linafunguka lenyewe. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, mpapase koo. Akilamba pua amemeza. Halafu mpe maji kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, mililita mbili tatu polepole, kwasababu kidonge kikavu kinaweza kukwama kwenye koo na kulichoma. Usimwachie mpaka ameze, Mangi ana ujuzi wa kukibana shavuni na kukitema nyuma ya pazia.

Akikataa chakula siku moja mfuatilie, ya pili mpeleke, paka asipokula mafuta yanahamia kwenye ini na hasa yule mnene ndo anaharibika haraka. Kitoto hata nusu siku usingoje. Mbebe kwenye tenga au kikapu chenye mfuniko uliofungwa kamba, funika kanga juu asione barabara, kwenye daladala weka mapajani sio buti. Ukifika mwambie daktari umri, uzito, alikula nini mara ya mwisho, alikojoa lini, na kama ulimpa dawa ya watu sema, usione aibu, hakuna atakaekuchapa.

Mangi saivi nampa chakula cha majimaji na dagaa ni mara moja moja. Akiingia kwenye beseni mi nasimama mlangoni namsubiri kama askari wa getini, akimaliza anafukia, ananipita bila kunitazama, na mi naenda kuhesabu matonge.